Kutunza Umri wa Waigizaji

Mwezi uliopita mkataba wangu uliisha na sikuomba mwingine, kwa kuwa narudi chuoni kusoma zaidi. Wenzangu wa ofisi ya Kanyenye, hapa Tabora, walinipikia pilau, wakanipa saa ya ukutani, na Hamisi, mpiga picha wetu, akasimama kutoa hotuba akiniita mstaafu. Nilicheka pamoja nao. Kisha njia nzima ya kurudi nyumbani nikawaza kama alikuwa ananitania au ananiaga kweli. Wastaafu wengi ninaowafahamu wana wajukuu wa rika langu. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha, na ninyi wawili mliokabidhiwa funguo mmeniomba niandike niliyojifunza, basi naandika. Ya mshahara nayaacha. Mtauona wenyewe, na hautawachosha macho.

Nianze kwa kueleza kazi yenyewe ni nini, maana hata mama yangu mzazi ilimchukua muda kuielewa. Nilipompigia simu kumwambia nimepata kazi ya kutunza kumbukumbu za filamu za watu wazima, alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Rehema," akasema mwishowe, "tumekusomesha mpaka chuo kikuu ukafanye kazi ya filamu za watu wazima?"

"Mama, si hizo unazofikiria."

"Mimi sijakwambia nafikiria zipi."

Hizo alizokuwa hafikirii ni marufuku katika nchi yetu, na anayezitengeneza anatafutwa na polisi, hahitaji mtunza kumbukumbu. Zetu ni filamu za kawaida zilizopewa daraja la kumi na nane kwa sababu ya ulevi, damu, matusi, au mke na mume waliolala chini ya shuka moja. Katika filamu ya kwanza niliyoifanyia kazi, mke na mume hao walikuwa wamevaa suruali za jinzi chini ya shuka, na mume alikuwa na viatu. Hata hivyo kanuni hazijali viatu. Filamu ikishapata daraja hilo, mtayarishaji anatakiwa athibitishe kwamba kila aliyeigiza ni mtu mzima na alikubali mwenyewe. Awe na nakala ya kitambulisho chake au cheti cha kuzaliwa, awe na fomu ya ridhaa iliyosainiwa kabla kamera haijawashwa, ayaandike majina yote ambayo mwigizaji amewahi kutumia, na vyote vikae mahali pamoja panapojulikana. Mtu mmoja awajibike. Jina lake linapita mwisho wa filamu, baada ya dereva na mpishi, wakati watazamaji wameshasimama.

Kwa muda wote niliofanya kazi Tabora, mtu huyo nilikuwa mimi. Kabla yangu alikuwa Mama Modesta.

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema kuliko mwenye ofisi. Kampuni iko juu ya duka la vitambaa la familia ya Bwana Nassoro, ambao babu zao walitoka Omani na wamekuwa wakiuza nguo mjini hapa tangu zamani. Bwana Nassoro ndiye wa kwanza katika ukoo huo kuingia kwenye filamu, na shangazi zake bado wanamwombea. Nilisimama barazani kati ya mafundi cherehani, nikiwa na bahasha ya vyeti na sambusa niliyoinunua njiani, mpaka akaja mwanamke mrefu wa Kinyamwezi mwenye funguo shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe msomi?"

"Ndiyo. Yaani, nimemaliza chuo tu."

"Haya, msomi, kanawe. Umekula sambusa."

Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kuingia kazini. Mama Modesta alikuwa amefanya kazi masjala ya hospitali kwa miaka mingi, na kwake mafuta kwenye karatasi yalikuwa sawa na moto. Alinifundisha kuandika mwezi kwa herufi badala ya tarakimu, ili asitokee mtu wa kubishana kama ni mwezi wa tatu tarehe nne au wa nne tarehe tatu. Alinikataza pini, kwa sababu zinashika kutu na kula karatasi. Miguu ya kabati la chuma alikuwa ameiweka kwenye makopo yenye oili chafu ya gari, maana mchwa wa Tabora hawasomi kanuni. Oili hiyo ibadilisheni kabla ya mvua. Mkisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo msilisahau.

Vitu vyetu vya kazi vilikuwa vichache: kabati hilo, panchi ya kutoboa karatasi, kamera ndogo, na visanduku viwili vya kadi, kimoja cha majina ya filamu na kingine cha majina ya watu. Kila mwigizaji alipigwa picha siku ya kusaini, akiwa ameshika kitambulisho chini ya kidevu. Wengi hawakupenda. Walisema wanafanana na wezi waliokamatwa. Mama Modesta aliwajibu kwamba wezi hawapewi soda baada ya picha.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo kwa ajili ya kampuni ya Bwana Nassoro, ambaye mwenyewe alikuwa haonekani kuzijali karatasi zile. Aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini watu wanafua nguo.

"Nani kakwambia ni kwa ajili ya Nassoro? Hii ni ya huyu," akasema, akigonga faili lililokuwa mbele yake. "Siku akisema, hili sikulikubali, tufungue tuone. Kama hakulikubali, basi hakulikubali, na Nassoro atalikata."

Mimi ni mtu wa kuwaza. Mama Modesta aliligundua hilo mapema. Nilikuwa nafunga kabati, nashuka ngazi, nafika karibu na soko, narudi kuhakikisha kama nimelifunga. Siku nyingine nilirudi zaidi ya mara moja. Hakunicheka wala hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba kila ninapozungusha ufunguo niseme kwa sauti, "Nimefunga." Nikaanza kufanya hivyo, na ikanisaidia, mpaka mafundi wa chini wakazoea na wao wakawa wanaitikia kwa pamoja, "Tumesikia!" Baada ya hapo sikuweza kurudi hata kama nilitaka. Ningewaangaliaje?

Alipoondoka kwenda kupumzika kwake Nzega, aliniachia funguo na namba yake ya simu, akasema nimpigie panapokuwa na shida kubwa. Nilimpigia kesho yake.

Kesi ngumu za mwanzo hazikuwa za karatasi, zilikuwa za aibu. Kulikuwa na mwigizaji mmoja, nitamwita Kaka Kitwana, aliyekuwa akiigiza vijana wanaotafuta mchumba. Alikuja kupigwa picha na kitambulisho chake, kidole gumba kikiwa kimefunika mwaka wa kuzaliwa.

"Piga hivyohivyo, dada."

"Kidole hakiwezi kukaa hapo, kaka."

"Kinauma. Nikikisogeza kinauma."

Ilibidi nifunge mlango na kumwambia kwamba akionacho mtunza kumbukumbu hakitoki chumbani, ila mkaguzi akija. Akatoa kidole. Alikuwa mkubwa kuliko Bwana Nassoro. Mpaka naondoka, Bwana Nassoro alikuwa bado anamwita dogo na kumtuma maji, naye alikuwa akienda mbio, na akipita mbele ya mlango wangu ananiangalia kama ndugu.

Mkaguzi alikuja bila taarifa, kama kanuni zinavyomruhusu. Alikuwa mama mpole mwenye mkoba mkubwa, nami nilimwamkia shikamoo mara mbili. Kisha nikaanza kuwaza kuhusu chai. Kumpa mkaguzi chai ni ukarimu au ni rushwa? Na kutompa je, si jeuri? Mwishowe nikamwekea maji, halafu nikagundua ni ya chupa, ya kununua, nikasimama pale nimeishika ile chupa bila kujua niiweke au niiondoe.

"Weka tu, dada," akasema. "Maji si rushwa." Akachagua kadi bila kuangalia, nami nikampa faili alilotaka kabla hajamaliza kufungua chupa. Nilimpigia Mama Modesta kumwambia. Akasema, "Sasa nenda ukale."

Yote hayo nayashukuru. Lakini kesi ninayotaka muijue vizuri ni ya mwaka wangu wa mwisho, kwa sababu itawarudia kwa sura nyingine, na mkikosea ndani yake mtamuumiza mtu.

Bwana Nassoro alikuwa ameandaa filamu ya wapagazi, wale waliobeba pembe na vitambaa kati ya pwani na Unyanyembe huku kwetu. Alitaka kuipigia picha Kwihara, nje ya mji, kwenye njia yenyewe waliyopita, na mafundi wakajenga tembe la udongo pembeni mwa shamba la karanga. Kulikuwa na viboko na kifo kimoja kibaya, kwa hiyo daraja lake lilikuwa la watu wazima, na faili zote zilipaswa kupita kwangu. Mhusika mkuu alikuwa mke wa mpagazi, aliyebaki nyumbani kumngoja mumewe kwa miaka. Wasichana wengi walijaribiwa, na karibu wote walilia. Mmoja tu, aliyetoka Choma huko Igunga, alipoambiwa aonyeshe siku mume asiporudi, alichukua ufagio na kufagia uwanja, polepole, akipaacha mlangoni bila kufagia. Hamisi alishusha kamera. Bwana Nassoro alisema, "Huyu."

Siku iliyofuata msichana huyo alikuja chumbani kwangu na bahasha. Ndani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, vyote vikiwa na jina la Veronika. Nilihesabu mwaka nikapata kumi na saba. Nikahesabu tena. Wakati huo Hamisi akachungulia mlangoni.

"Shija, ukimaliza hapa njoo upimwe nguo."

Nikamngoja aondoke. "Anamwita nani?"

"Mimi."

"Na Veronika ni nani?"

"Ni mimi pia. La shule." Akaona sijaelewa, au akaona nimeelewa na sikupenda. "Nilimaliza la saba kwa jina langu, dada, nikakosa kuchaguliwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano karibu. Mwalimu akasema, kuna mtoto wa darasa la sita wamehama na ng'ombe wao, jina lipo kwenye rejista, kaa hapo. Nikakaa."

"Na cheti cha kuzaliwa?"

"Kilitolewa kwa barua ya shule. Tulipokuwa tunajiandikisha mtihani."

"Kwa hiyo wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

Ninyi wawili mmekulia huku, mnajua jambo hili halikuwa la ajabu. Mtoto aliyeshindwa la saba alirudia kwa jina la mwenzake aliyeacha shule, mwalimu akijua, mzazi akijua, na jina likasonga mbele bila mwenyewe. Ila sikuwa nimewahi kuliona likiingia chumbani kwangu na kukaa kwenye kiti. Mdomo wake ulisema mtu mzima. Karatasi zake zote zilisema mtoto. Bila faili lililo safi hakuna filamu kwake, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kalamu.

Nilikwenda kwa Bwana Nassoro. Hakuinua kichwa.

"Aape. Mahakama ile pale, kabla ya chakula cha mchana kiapo anacho."

"Kiapo kitasema alichokisema yeye, baba."

"Wewe unadhani anadanganya?"

"Sidhani. Ila mtoto wa miaka kumi na saba anayetaka kuigiza naye angesema hivihivi."

Hapo akainua kichwa. "Rehema, unaniua. Tembe limejengwa. Mvua ikinyesha lile linakuwa uji." Akapapasa meza kama anayetafuta kitu cha kunitupia, akakosa. "Haya. Nitaanza na wapagazi barabarani. Wao wana vitambulisho, wana na ndevu. Nikiwamaliza kama huyu binti hajawa na miaka yake, nachukua yule aliyekuwa wa pili kwenye majaribio. Mwambie."

Haikuwa lazima kumwambia. Alikuwa nje ya mlango, akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili.

Nilirudi naye chumbani na kufanya ninachokijua, yaani kuwaza. Cheti kikiwa si chake, mtu anajulikanaje amezaliwa lini? Kadi ya kliniki, akasema, ililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Shule ya kwanza? Rejista zile zilikuwa na mwaka wa kukisia. Nikamwuliza swali moja ambalo mtu wa mbali asingeliuliza.

"Wewe ni Shija wa kufuata mapacha, au umerithi jina la bibi?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, pacha wa kwanza anaitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao anaitwa Shija. "Wa kufuata mapacha. Kulwa na Doto wapo. Wao walizaliwa hospitali ya mjini kwa sababu mama alizidiwa, wana vyeti vyao tangu wachanga."

"Na anayekufuata wewe?"

"Ngasa. Ana bodaboda Igunga. Ana kitambulisho cha taifa."

Nikaliandika jina hilo. Kitambulisho hicho hakitolewi kwa mtoto. Kama mdogo wake ni mtu mzima, dada mtu hawezi kuwa na miaka kumi na saba, hata karatasi ziseme nini. Kisha, kama kawaida yangu, nikawaza kama Ngasa naye hakukaa kwenye jina la mtu. Hapo nikaona hakuna njia ila kwenda Choma.

Tulipanda basi la asubuhi. Mama yake alitupokea kwa michembe ya viazi vitamu na karanga, akiongea Kisukuma, na Kulwa, ambaye ni fundi baiskeli mnene mwenye sauti ndogo, akawa anatafsiri. Nilimwamkia kwa Kisukuma changu kibovu, akafurahi, kisha nikaanza maswali. Mapacha walizaliwa kabla ya Shija kweli? Na Ngasa baada? Hakuna mwingine katikati? Niliuliza la Ngasa mara tatu kwa namna tatu. Mama alisema maneno marefu, na wote wakacheka isipokuwa mimi.

"Anasema," akatafsiri Kulwa, "Shija alikuwa bado ananyonya alipopata mimba ya Ngasa. Sasa anauliza wewe unadhani Ngasa alimtangulia dada yake kwa kupitia dirishani?"

Nilitaka kueleza kwamba lazima niulize, lakini wakati huo msichana mmoja alikuwa ameingia uani akiwa na ndoo, akasimama kusikiliza. Shija alimwona, akainamisha uso.

"Ndiyo huyu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Veronika."

Familia yake ilikuwa imerudi na ng'ombe kutoka Rukwa. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makali, na kweli alikuwa na umri wa cheti chake. Alikuwa amekwenda kuomba kujifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, wakamwambia jina lake limeshamaliza sekondari. Alipoeleza hilo aliweka ndoo chini.

"Kumbe mwenzenu nimefaulu kidato cha nne na sina habari! Nilipata daraja gani, da Shija?"

"La tatu."

"La tatu tu? Ungejitahidi kidogo basi, jina la watu hilo."

Watu walicheka tena, na Shija akacheka, kisha akaacha. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeamini kwamba kinachopotea ni filamu ya Shija peke yake. Sikuwa nimewaza, mimi ninayewaza kila kitu, kwamba jina likikaliwa na mtu, yupo mwingine amesimama nje.

Mtendaji wa kijiji aliandika barua. Siku iliyofuata tulikwenda ofisi ya wilaya: Shija, mama yake, Kulwa na Doto na vyeti vyao, Ngasa na kitambulisho chake, Veronika na baba yake. Tulijaa chumba. Afisa wa vizazi alikuwa mtu wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alisoma kila kitu, akawapanga ndugu wale ukutani kwa kufuatana kuzaliwa kwao, akawatazama kama anayesoma mstari mmoja mrefu.

"Hili nalielewa," akasema. "Huyu anazaliwa baada ya hawa na kabla ya huyu. Nitaweza kumwandikisha. Lakini binti, sikiliza. Cheti hiki cha Veronika ulichonacho nitakifuta, huyu mwenyewe apate chake. Na cheti chako cha kidato cha nne kina jina lake na mwaka wake. Utawaandikia wahusika wa mitihani ueleze. Wanaweza kukurekebishia, wanaweza kukifuta. Mimi sijui. Kafikirie nje."

Tulitoka nje. Nilijua tangu tulipokuwa kwenye basi kwamba alikuwa anataka kusomea uuguzi, na kwamba cheti kile alikuwa amekitafuta kwa miaka sita kwenye dawati la mwenzake. Huwa simshauri mtu, naogopa kukosea. Siku hiyo nilijilazimisha.

"Shija, unaweza kurudi nyumbani. Filamu ni moja. Cheti utakihitaji maisha yako yote. Mimi sitakulaumu, na Bwana Nassoro ana msichana wa pili."

Alikuwa anamwangalia Veronika, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akihesabu cherehani zinazosikika kutoka dukani ng'ambo.

"Dada Rehema, nikirudi nyumbani, mimi nina miaka kumi na saba. Na yule hana hata mmoja."

Akaingia ndani, akaweka cheti cha kuzaliwa cha Veronika juu ya meza ya afisa. Barua ya mitihani tuliiandika pamoja, na jibu lake lilikuja baadaye sana, na halikuwa zuri. Alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa jina lake. Nilimsikiliza akikariri uraia na historia kati ya kabati na dirisha, na sasa anangoja matokeo. Veronika yuko kwenye ushonaji. Hayo nayaandika mapema ili msiwe na wasiwasi kama nilivyokuwa nao mimi.

Wakati huo, hata hivyo, tulikuwa tunangoja cheti. Huko Kwihara wapagazi walitembea, wakachapwa, wakatua mizigo, wakatembea tena. Hamisi alinipigia kusema mawingu yamekuwa meusi upande wa magharibi. Bwana Nassoro alimwita yule msichana wa pili kupimwa nguo, akaniambia si kwa ubaya. Nilimpigia Mama Modesta Nzega.

"Umefanya kila kinachotakiwa?" akauliza.

"Nadhani."

"Sikuulizi unachodhani."

Nikapitia kila hatua kichwani, simu ikiwa sikioni. "Nimefanya."

"Basi ngoja. Kungoja nako ni kazi, tena unalipwa."

Ngasa ndiye aliyekileta cheti, kwa pikipiki yake, kutoka Igunga mpaka Kanyenye, akiwa amekifunga kifuani ndani ya mfuko wa nailoni na vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nilikisoma pale barazani. Nikakisoma tena juu. Jina, mahali, siku, mwezi kwa herufi, mwaka, mhuri. Niliweka kando yake vyeti vya Kulwa na Doto na nakala ya kitambulisho cha Ngasa, na miaka ikakaa kwa mpangilio. Nilitafuta kosa kwa bidii yote niliyopewa na Mungu, sikulipata.

Shija alisimama ukutani, akashika cheti chini ya kidevu, nikampiga picha. Nilimsomea fomu ya ridhaa yote, sehemu kwa sehemu, pamoja na ya viboko ambayo yeye anasimama tu pembeni, nikamwambia kila aliloandikiwa humo anaweza kulikataa. Alikubali yote isipokuwa moja. Hakutaka kuonyeshwa akila udongo katika njaa. Nikalikata kwa rula, tukaweka saini ndogo pembeni, nikampa kalamu asaini chini.

Akainama. Mkono wake ukaandika V kubwa, nzuri, ya mtu aliyeiandika kwa miaka mingi.

Tukaitazama wote wawili.

"Samahani, dada," akasema. "Mkono."

"Hamna shida." Nikaichana fomu ile, nikatoa nyingine na kumwekea mbele, nikaanza kumsomea tangu mwanzo. Chini barabarani Bwana Nassoro alikuwa anapiga honi, gari limejaa watu na ngoma na masufuria, na mtu akaita kwamba mvua imeshafika Kwihara au iko karibu kufika, hatukusikia vizuri. Shija alishika kalamu, akaiondoa, akapangusa vidole kwenye kanga, akaishika tena.

"Usiharakishe," nikamwambia. "Watangoja."

Wakangoja.